Mashine Ileile, Fiba Ileile: Kwa Nini Moja Inafika Kwanza?

Pale Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, palikuwa na fiba mbili, yaani boti za faibaglasi, zilizotoka kwenye kalibu moja. Zote futi 23, zote mashine ya farasi 15, zote zinatoka usiku na kurudi alfajiri kuwahi wanunuzi. Moja inafika, inatia nanga, samaki wanashushwa, wachuuzi wanapatana bei, ndipo ya pili inaonekana kwa mbali inakuja ikivuta moshi. Ikawa ndiyo hadithi ya kijiweni. Wapo waliosema mashine ya ile ya pili imechakachuliwa. Wapo waliosema nahodha wake mwoga. Mmoja, nusu utani nusu kweli, akasema imepigwa jicho. Mwenye boti naye alikuwa na jibu lake: anauza hiyo 15, anakopa, anafunga 40.

Mabishano ya namna hii yamezidi tangu fiba za mkopo zianze kuonekana kwa wingi kwenye fukwe zetu, na tangu bei ya petroli ilipopaa mwaka 2022. Kila mtu anataka mbio, na mtu huyohuyo anataka mafuta yasiishe. Dawa ni nyingi: ongeza farasi, tia propela kubwa, zidisha oili, funga mabawa. Baadhi zinafaa mahali pake, nyingine ni kutupa hela baharini.

Kwanza tuelewane maneno. Farasi ni kipimo cha nguvu. Farasi mmoja ni wati 746, hivyo mashine ya 15 ni kama kilowati 11. Noti ni kipimo cha mwendo baharini: noti 1 ni kilomita 1.852 kwa saa, kwa hiyo boti ya noti 6 inakwenda kilomita 11 kwa saa, mwendo wa baiskeli isiyo na haraka. Omo ni mbele, tezi ni nyuma. Nayasema kwa ajili ya wasomaji wa bara, watu wa pwani wanisamehe. Bamba ni ile sahani bapa iliyolala juu ya propela, sehemu ya mashine yenyewe. Na pichi, neno linalowachanganya wengi kuliko yote, tutalifikia.

Kulima na kuteleza

Boti yoyote ina namna mbili za kwenda. Ya kwanza ni kulima maji: tumbo limekaa ndani ya maji, linayasukuma kando, maji yanafunga nyuma yake. Mtumbwi, ngalawa, mashua na jahazi vyote hulima. Ya pili ni kuteleza: boti inapanda juu ya maji na kukimbia ikiwa imeyagusa kidogo tu. Mtoto anayerusha kigae bapa baharini kikaruka mara nne, tano, ameshaijua namna hii ya pili bila kufundishwa.

Boti inayolima ina ukuta mbele yake, na ukuta huo hauonekani. Kila chombo kikitembea kinazalisha wimbi lake chenyewe, na kikiongeza mwendo wimbi hilo linarefuka. Inafika mahali wimbi limekuwa refu sawasawa na boti: kilele kimoja omoni, kingine tezini, boti imelala kwenye bonde katikati. Ukizidisha moto hapo, kilele cha nyuma kinabaki nyuma zaidi, tezi linazama, omo linaelekea mbinguni, na boti inaanza kupanda mlima ilioutengeneza yenyewe. Mlima huo haumaliziki kwa sababu unakwenda nao.

Ukuta huo unaweza kuukokotoa. Chukua urefu wa sehemu inayogusa maji kwa futi, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 1.34, utapata noti. Fiba ya futi 23 huwa inagusa maji kama futi 21. Kipeuo cha pili cha 21 ni 4.58, mara 1.34, unapata noti 6.1. Hapo ndipo boti inayolima inapokata pumzi. Kabla ya hapo nyongeza ndogo ya moto inakupa mwendo. Ukishafika hapo unaweza kuongeza moto maradufu ukapata noti moja, au usiipate.

Basi si inatosha kupanda juu ya maji na kuuruka ukuta? Inatosha, ila kuna nauli. Mafundi wa boti wana kanuni ya makadirio: farasi mmoja anaweza kutelezesha kilo 20 hadi 25 hivi, ukijumlisha kila kitu, yaani boti, mashine, watu, mafuta, nyavu, barafu na samaki. Mashine ya 15 basi inatelezesha kama kilo 300 hadi 375. Fiba tupu ya futi 23 kwa kawaida imeshaupita uzito huo kabla hujapanda wewe na wenzako wanne.

Hapa ndipo nahodha wengi wananikunjia uso, lakini hesabu haina undugu na mtu: fiba ya futi 23 yenye 15 na mzigo haitelezi. Haikuumbwa iteleze. Unachoweza kufanya ni kuifanya ilime vizuri, kwa mwendo wa karibu na ukuta wake, kwa mafuta machache. Anayekamua mashine mpaka mwisho ili apate kile ambacho boti haina, ananunua povu. Na mahali pabaya kuliko pote ni katikati, omo juu, tezi limezama, boti haijapanda wala hailimi. Geuka utazame nyuma. Ukiona maji yanaparamia ubao wa tezi na wimbi kubwa linakufuata kama mbwa mwenye njaa, umo humo katikati. Punguza moto mpaka wimbi litulie. Utashangaa jinsi mwendo ulivyopungua kidogo na galoni linavyochelewa kukauka.

Uzito unaoingia bila nauli

Nilipanda ile boti ya pili siku moja, si kwa uchunguzi wowote, nilikuwa nataka samaki. Kitu cha kwanza kilichonigusa kilikuwa maji, kwa maana halisi: yalinigusa vifundo vya miguu. Maji ya ngama, yale yanayojikusanya chini ndani ya boti mpaka uyakumbe, yaani uyachote na kuyamwaga nje. Nahodha akasema, "Hayo ya kawaida kaka, tunakumba tukifika."

Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa kilo 1 na gramu 25 hivi. Maji ya kufika vifundoni, kwenye boti ya upana ule, ni lita mia mbili na zaidi kwa wepesi. Hao ni mabaharia watatu wasiovuta nyavu na wanaotaka kubebwa kwenda na kurudi. Nyuma kabisa, karibu na mashine, palikuwa na madumu matatu ya petroli ya lita 20, kila moja kilo 15 hivi, kasha la barafu, nanga, na rundo la nyavu mbichi. Nahodha mwenyewe amekaa hapohapo kwa sababu mkono wa mashine ni mfupi. Omo lilikuwa tupu, limeinuka kama mtu anayenusa hewa.

Umeshaona daladala iliyojaza watu na magunia nyuma ya ekseli ya mwisho? Usukani unakuwa mwepesi, pua inayumba. Boti ni hivyohivyo, na zaidi ya kuyumba, tezi lililozama linakokota maji mengi nyuma yake. Kusogeza kasha la barafu na madumu mpaka katikati hakugharimu hata shilingi. Kipande cha bomba la plastiki kilichofungwa vizuri kwenye mkono wa mashine kinamwezesha nahodha kukaa au kusimama mbele kidogo, na kilo zake 70 zinahama naye. (Hakikisha bado anafikia swichi ya kuzimia, na kamba yake iko mkononi mwake. Boti isiyo na mtu yenye mashine inayozunguka hurudi kwa duara, na duara hilo linampitia aliyeanguka.)

Usiende kupita kiasi ukapakia kila kitu omoni. Omo zito linachimba wimbi, na ukiwa unarudi na mawimbi ya nyuma, wakati wa upepo wa kusi hasa, boti inaweza kuchomeka omo ikageuka ubavu ghafla. Mzigo mzito uwekwe chini, katikati, ukaegemea nyuma kidogo.

Fiba nayo hunenepa uzeeni. Zile za ubao au povu ndani ya sakafu na ubao wa tezi, zikipasuka hata upenyo mdogo, zinakunywa maji miaka na miaka. Ukigonga ukasikia mlio mzito kama wa papai bovu badala ya mlio mkavu, ndani kuna maji, na hakuna mashine itakayoyakumba hayo.

Tumbo safi

Hili nalipita haraka kwa sababu kila mwana wa pwani analijua. Wazee wa mashua walikuwa wakikipandisha chombo ufukweni, wanalichoma tumbo kwa makuti makavu kuua viumbe, kisha wanapaka shahamu na chokaa. Hawakuwa wanafanya urembo. Utando laini wa kijani unatosha kupunguza mwendo. Vile vigamba vikali vinavyokata mikono vikishashika, boti inakuwa kama imevaa kanzu mbichi. Fiba inayolala majini inahitaji kusuguliwa kila baada ya wiki chache, au kupakwa rangi ya chini yenye shaba. Fiba inayovutwa mchangani kila siku haihitaji rangi hiyo, ila mchanga na matumbawe vinaila, na mikwaruzo mirefu ifukiwe. Usiichome kwa makuti. Nimeshamsikia mtu akipendekeza.

Urefu wa mashine: vidole vitano

Tulipoivuta ile boti nchi kavu maji yalipopwa, tulichukua ubao ulionyooka, tukauegesha chini ya tumbo la boti ukatokeza nyuma mpaka kwenye mashine. Jicho langu halikuamini. Bamba lilikuwa chini ya tumbo la boti kwa vidole vitano vya kulala, zaidi ya sentimita 10.

Sehemu sahihi kwa mashine moja kwenye boti ya kawaida ni bamba kuwa sawa na tumbo la boti, au chini yake kwa milimita 25 hivi. Si zaidi. Mashine zinauzwa kwa shingo fupi, ya ubao wa tezi wa inchi 15, na shingo ndefu, ya ubao wa inchi 20. Ile ilikuwa shingo ndefu kwenye ubao mfupi. Tofauti ya inchi 5 ilikuwa inakokotwa majini kila safari: chuma kinene kisichosukuma chochote, moshi unaotokea propelani ukilazimika kushuka kina zaidi, na maji yanaruka kwenye bomba la mashine na kumlowesha nahodha mgongo. Alikuwa amezoea kulowa. Alidhani bahari ndiyo ilivyo.

Dawa yake ilikuwa kipande cha mbao ngumu juu ya ubao wa tezi, kilichofungwa kwa bolti za kupenya mpaka upande wa pili wala si misumari, na mashine ikapanda. Yenye shingo fupi kwenye ubao mrefu ina ugonjwa wa kinyume: propela iko juu mno, inavuta hewa kutoka juu ya maji, mashine inalia ghafla na boti inasita. Hasa kwenye kona na kwenye mawimbi. Hewa hiyo ndiyo bamba limewekwa kuizuia.

Mara nyingi watu wanasema propela "imekula hewa" kwa jambo lingine pia: vitundu vidogo kwenye mapanga yake, kama chuma kilichodonolewa na kuku. Hivyo si hewa. Panga likizunguka kwa kasi likiwa na ncha iliyopinda au kukatika, maji nyuma yake yanakosa mgandamizo mpaka yanachemka bila moto, na mapovu yakipasuka yanauma chuma. Hewa inatibiwa kwa kushusha mashine au kupunguza mwinamo. Vitundu vinatibiwa kwa kunyoosha panga au kubadilisha propela.

Ukipandisha mashine, tazama mkojo wake. Ule mchirizi wa maji ya kupoozea ukikatika wakati uko mbio, umepandisha mno, na mashine itaungua kabla hujafurahia mwendo.

Pichi, na uongo wa propela kubwa

Chukua parafujo na ubao. Kila ukiizungusha mzunguko mmoja, inaingia kiasi fulani. Pichi ya propela ni hicho kiasi, kwa inchi, kama maji yangekuwa magumu kama ubao. Kwenye propela utaona namba mbili, mathalani 9¼ × 10. Ya kwanza ni upana wa duara linalochorwa na ncha za mapanga. Ya pili ni pichi.

Sasa tupige hesabu. Mashine inazunguka mara 5,000 kwa dakika. Gia zake zinapunguza karibu nusu, kwa hiyo propela inazunguka mara 2,500. Kwa pichi ya 10, hizo ni inchi 25,000 kwa dakika, sawa na mita 635, sawa na noti 20 na nusu. Lakini boti yetu inakwenda noti 6! Nyingine zimekwenda wapi? Zimeteleza ndani ya maji. Maji si ubao. Kwenye boti nyepesi inayokimbia, propela hupoteza asilimia 10 hadi 20 namna hiyo. Kwenye boti nzito inayolima hupoteza nusu na zaidi.

Maana yake nini? Maana yake propela ya pichi 10 au 11 imetengenezwa kwa boti ya mbio, na kuifunga kwenye boti nzito ni kama kupanda mlima wa Lushoto na baiskeli iliyo kwenye gia ya tambarare. Miguu ina nguvu, lakini haizunguki. Mashine nazo ndivyo zilivyo: farasi 15 walioandikwa kwenye kofia wanapatikana tu mashine ikizunguka inavyotakiwa. Nyingi za mipigo miwili, zile za kuchanganya oili, zinataka mizunguko 4,500 hadi 5,500 kwa dakika ukifungua moto wote ukiwa na mzigo wako wa kawaida. Ikikwama kwenye 4,000 inakoroma, inajaza masizi, inapata joto, na umelipia farasi ambao hawajawahi kutoka bandani.

Kwa hiyo ule usemi wa kijiweni kwamba propela ya namba kubwa ndiyo ya mbio ni kweli kwa boti moja na uongo kwa jirani yake. Fiba nyembamba ya futi 16 yenye watu wawili, 15 inairusha, na hapo pichi kubwa ina maana. Fiba ya futi 23 yenye nyavu inataka pichi ndogo na mapanga mapana. Kila inchi moja ya pichi unayopunguza huongeza mizunguko kama 150 hadi 200. Kutoka 11 kwenda 9, mashine iliyokwama 4,000 inasogea 4,300 au 4,400. Ukiona kwa pichi mpya mashine inapita 5,500, umepunguza mno. Inalia bila kusukuma na haitadumu.

Kupima mizunguko si kazi ya maabara. Kuna vipimo vidogo ambavyo waya wake unazungushwa tu kwenye waya wa plagi. Mwendo unapimwa na simu yoyote yenye ramani ya setilaiti, ila pima mara mbili, kwenda na kurudi njia ileile, ujumlishe ugawe kwa mbili. Bila hivyo utakuwa umepima mkondo wa maji kisha umsifu fundi.

Wenzetu wa Ziwa Victoria wana jambo la ziada. Ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi zaidi, na mashine inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa sababu hiyo tu. Mashine iliyonunuliwa Dar na propela yake ikapelekwa Mwanza itaonekana imechoka njiani. Haijachoka. Inataka pichi ndogo zaidi.

Na kabla hujanunua propela yoyote, angalia uliyonayo. Ndani ya kitovu chake kuna bushi ya mpira inayolinda gia ukigonga mwamba. Ikizeeka inateleza: ukianza polepole inashika, ukizidisha moto mashine inalia na boti imetulia kama inasikiliza hotuba. Chora mstari mmoja wa rangi kutoka kwenye kitovu cha ndani mpaka nje, nenda ukaikamue, rudi utazame. Mistari ikiachana, bushi imekwisha. Watu wameuza mashine nzima kwa ugonjwa huu.

Mwinamo na usukani

Kwenye mabano yanayoshika ubao wa tezi kuna pini na matundu manne au matano. Pini ikiwa karibu na boti, mguu wa mashine unaingia ndani na omo linashuka. Ukiisogeza nje, mguu unatoka na omo linainuka. Boti ya mzigo inayolima inataka propela isukume sambamba na maji, si kwenda chini wala juu. Boti ikiwa nyepesi na inadunda omo juu chini kama pomboo anayecheza, ingiza pini tundu moja au peleka uzito mbele. Ikiwa usukani mzito na omo linachimba, itoe tundu moja.

Mkono wa mashine ukikuvuta upande mmoja safari nzima mpaka bega linauma, kwanza pima kama mashine iko katikati ya ubao wa tezi. Kama iko katikati, tazama chini ya bamba: mashine nyingi zina pezi dogo lililoshikwa na bolti moja. Boti ikikimbilia kushoto, mkia wa pezi hilo ugeuze kushoto kidogo; ikikimbilia kulia, kulia. Kidogo maana yake kidogo. Pezi hilo huwa pia ni madini ya kulinda mashine na kutu ya chumvi, kwa hiyo usilipake rangi.

Kuna kuyumba kwingine ambako hakutokani na mashine hata kidogo, ni yale maji ya ngama tena. Mwanamke anayetoka kisimani na ndoo iliyojaa hadi juu anatembea sawa. Mpe beseni pana lenye maji nusu, kila hatua maji yanakimbilia upande mmoja na kumvuta. Boti yenye maji huru ikiinama, maji yote yanahamia kule ilikoinamia na kuongeza kuinama. Uzito ni kero, lakini huku kuhama ndiko kunakopindua vyombo. Kukumba tukifika, alivyosema nahodha, ni kukumba baada ya hatari kupita.

Oili, mabawa, na ile 40

Oili ikizidi haiongezi nguvu. Kazi yake ni kulainisha. Ukiongeza kuliko kipimo cha kitabu cha mashine yako, unachafua plagi na kupunguza petroli inayoingia. Ukipunguza, unaua mashine. Kama kitabu kinasema 50 kwa 1, lita 20 za petroli zinataka mililita 400, basi.

Mabawa ya plastiki yanayofungwa kwenye bamba yanainua tezi na kusaidia boti iliyo karibu kuteleza ipande mapema. Kwa boti inayolima ni mzigo wa kukokota, na mara nyingi ni plasta juu ya kidonda cha mashine iliyofungwa urefu usiofaa.

Tukabaki na 40. Kilo 22 kwa kila farasi, mara 40, ni 880. Fiba ile ikiwa tupu, na watu wawili, itateleza na kupendeza. Ikirudi na nyavu mbichi, barafu na vibua, haina hakika. Mashine yenyewe ina uzito wa karibu mara mbili ya 15, wote umening'inia kwenye ubao wa tezi ambao huenda haukujengwa kwa ajili yake. Na ya mipigo miwili ikifunguliwa moto wote hunywa karibu nusu lita kwa kila farasi kwa saa: ya 15 kama lita 7, ya 40 inakaribia 20. Anayevua mbali, samaki wa bei, jodari au nguru, na soko lake linalipa kwa kuwahi, anaweza kuirudisha hiyo hela. Anayetega nyavu kilomita chache kutoka ufukweni atakuwa anamvulia mwenye sheli.

Mwenye boti alipiga hesabu hiyo mara mbili kwenye simu, akaguna. Wakati huo mashine ilikuwa imeshapandishwa, kasha la barafu limehamia katikati, na propela ya pichi 9 ameinunua kwa mtu. Kwa simu yangu, kwenda na kurudi, boti ilitoka noti 5 hivi ikafika 6 kasoro kidogo, na mkono wa mashine haukuwa umefunguliwa mpaka mwisho. Noti 6 ndiyo ukuta wake.

Sasa zinafika pamoja, kwa tofauti ya dakika chache, na kijiweni wamerudi kwenye mpira. Juzi nahodha wa ile boti ya kwanza alikuja kuazima futi kamba. Hakusema ya nini.